Taa ya Breki na Dhamiri ya Mwenye Lori

Lori linalotoka Kitale kwenda Lodwar hupita kwanza kwenye baridi ya Kapenguria, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huanza kuteremka vilima vya Kamatira. Lodwar yenyewe iko kwenye kimo cha mita 500 hivi. Mteremko mkali uko huku mwanzoni, kwenye kona za Kamatira, ambako malori yaliyofeli breki yameua watu wengi. Habari ya ajali ikifika Lodwar au Kakuma, maneno ya kwanza yanajulikana. Ajali haina kinga. Mungu ndiye aliyepanga.

Je, maneno hayo yana nafasi pale ambapo gari lenyewe lilikuwa limeshaonya?

Maana magari mengi ya siku hizi huonya. Kompyuta ikihesabu kwamba breki zimepata joto kupita kiasi, huwasha taa kwenye dashibodi na kuhifadhi kodi ya hitilafu: kwenye magari mengi ni herufi moja na tarakimu nne, herufi ikiwa C kwa mambo ya chesisi, breki zikiwamo. Fundi huchomeka mashine yake chini ya usukani na kuisoma. Linaonekana jambo la gereji tu, lakini linagusa suala ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelibishania kwa karne nyingi: mtu akiambiwa jambo asiloliona kwa macho, ana wajibu gani wa kuliamini? Na akiamua kulipuuza, kosa lake linaanza lini?

Kwanza joto lenyewe. Lori la tani 40 likishuka mita 1,000 bila kuongeza mwendo, lazima liondoe nishati ya megajuli 392 hivi, ambayo ingetosha kuchemsha mapipa sita ya maji, kila moja la lita 200. Upepo huchukua sehemu yake. Injini nayo husaidia sana, mradi dereva ashuke na gia ndogo na kutumia ekzosi breki. Akitoa gia ili kuokoa dizeli, karibu joto lote linaishia kwenye dramu na lainingi. Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na lainingi, na lainingi iliyoungua haikwaruzi tena kama ilivyopaswa. Kwenye gari dogo linalotumia mafuta ya breki, hatari ni nyingine: mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mapovu, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kusimama.

Watu wengi hulilaumu jua la Lodwar, na hapo ndipo kosa la kwanza la kufikiri linapoonekana. Dramu yenye nyuzi 400 hupoa kwa kadiri inavyoizidi hewa iliyoizunguka. Kwenye hewa ya nyuzi 16 tofauti ni 384. Kwenye hewa ya nyuzi 36, ambayo ni mchana wa kawaida wa Lodwar, tofauti ni 364. Jua la Turkana limepunguza kupoa kwa asilimia tano tu. Joto lililoharibu breki lilizaliwa kule juu, kwenye hewa ya ubaridi, mikononi mwa dereva aliyechagua gia. Jua linalaumiwa kwa sababu ndilo linaloonekana.

Kodi nayo haitaji sababu. Kodi ile ile inaweza kutokea katika safari tatu zisizofanana. Ya kwanza ni Kamatira, ambako breki zimebeba mzigo halali lakini kwa muda mrefu mno. Ya pili ni laga, mto mkavu wa mchanga: Land Cruiser ikikwama, mfumo wa kuzuia gurudumu lisizunguke bure huibana breki ya gurudumu hilo tena na tena, hadi kompyuta inauzima mfumo na kuonya kuhusu joto ingawa gari halijasogea mita kumi. Ya tatu ni barabara tambarare ya kilomita 120 hivi kutoka Lodwar hadi Kakuma. Huko, ambako hakuna mteremko wa maana, onyo la joto, kwa gari lenye kipimajoto cha breki, mara nyingi ni dalili ya breki inayoshika: kalipa iliyojaa vumbi au kutu, au hendibreki isiyoachia sawasawa.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba katika magari mengi hakuna kipimajoto kwenye diski. Kompyuta hupiga hesabu tu. Inajua mwendo wa magurudumu, inajua breki imekanyagwa kwa nguvu gani na kwa muda gani, kisha inakisia joto limefika wapi. Kodi, basi, ni ushahidi wa shahidi ambaye hakugusa chuma. Dereva mbishi anaweza kusema, na asiwe amekosea, kwamba mashine haijui.

Ubishi huo una ukoo wa kuheshimika. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba mtu akiona pamba ikiungua ilipokutana na moto, alichokiona ni kukutana na kuungua. Hajaona moto ukisababisha chochote, kwa kuwa mwenye kuunguza ni Mwenyezi Mungu. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki 1198, alimjibu kwamba anayekataa sababu za vitu anakataa elimu yenyewe. Wapo wanaoisikia hoja ya Ghazali nusu nusu, wakaifanya kinga: kama kila jambo ni la Mungu, lainingi zina kosa gani? Lakini Ghazali hakusema hivyo. Alikubali kwamba Mungu ameuweka ulimwengu kwenye desturi, na kwamba binadamu ana elimu ya desturi hiyo na anaitegemea maishani mwake. Mwenye kuamini hivyo haweki mkono motoni. Kwa hiyo dereva wa Kamatira hapati hifadhi kwa Ghazali wala kwa Ibn Rushd. Wote wawili wangemtaka ashuke na gia ndogo.

Hoja inayomkaribia zaidi mwenye lori ilitoka kwa mwanahisabati Mwingereza, William Kingdon Clifford. Mwaka 1870 Clifford mwenyewe alinusurika meli ilipovunjika karibu na Sicily, na mwaka 1877 akachapisha insha kuhusu maadili ya kuamini. Ndani yake yumo mwenye meli kuukuu. Anajua imechoka na imetengenezwa mara nyingi, na shaka inamsumbua. Lakini ukarabati ni ghali. Anajituliza kwamba meli imesafiri salama mara nyingi na kwamba Mungu hawezi kuziacha familia zile zote ziangamie. Shaka inakwisha. Meli inaondoka, inazama, naye analipwa bima.

Clifford hakumshutumu kwa uongo, kwa sababu mtu yule aliamini kwa dhati. Alimshutumu kwa jinsi alivyoipata imani hiyo: hakuipata kwa kukagua, aliipata kwa kuinyamazisha shaka. Kisha akaongeza jambo linalowaudhi wengi hadi leo. Hata kama meli ingefika salama, alisema, hatia ya mwenye meli isingepungua.

Mwenye meli huyo anajulikana sana kwenye gereji. Ndiye anayemwambia fundi, "Futa hiyo kodi, gari liondoke." Fundi anabonyeza, taa inazimika, dashibodi inatakata. Kilichofutwa ni kumbukumbu ya kompyuta; kalipa iliyoshika bado imeshika. Tena huyu ana deni kubwa kuliko mwenye meli wa Clifford, aliyesumbuliwa na shaka tu. Mwenye lori ameonywa kwa taa na kwa maandishi, naye akalipia kunyamazishwa kwa onyo.

Hata hivyo Clifford hakuwahi kuendesha gari Kainuk. Kwa miaka mingi sehemu ya barabara hii ya Lodwar kati ya Marich, Kainuk na Lokichar imejulikana kwa mashambulizi ya majambazi na wezi wa mifugo, na magari yamekuwa yakisindikizwa na polisi. Taa ikiwaka hapo, kusimama ili chuma kipoe ni hatari, na kuendelea ni hatari pia. Mwanafalsafa wa Marekani William James, akimjibu Clifford mwaka 1896, alisema kuna maamuzi yasiyosubiri ushahidi ukamilike, na kwamba kutoamua nako ni kuamua. Anayeshika usukani Kainuk jioni anastahili utetezi huo: apunguze mwendo, aiache injini ilishike gari, asikanyage breki ila kwa lazima, asogee hadi penye watu. Lakini utetezi wa James ni wa anayeshika usukani kwenye dharura. Haumfai tajiri aliyekaa Kitale na saa nzima mkononi.

Kuhusu wanaokufa, dini na mila zina maneno yao, na hayapaswi kudharauliwa. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937, alieleza jinsi Wazande, ambao wengi wao wako Sudan Kusini na Kongo, walivyojua vizuri kwamba ghala huanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale. Katika Injili ya Luka, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu 1992 na makanisa na misikiti iko jirani, swali la Wazande na jibu la Siloamu husikika kwenye matanga kwa lugha nyingi. Kodi haina la kusema hapo. Haiwezi kueleza kwa nini alikuwa mtoto huyu wala kwa nini Jumanne.

Lakini swali la nguzo linabaki pale pale. Waturkana wenyewe hawakuwahi kuichukua ishara kuwa pambo. Emuron, yaani mwaguzi wao, hurusha viatu na kusoma vilivyoanguka. Wazee husoma matumbo ya mbuzi, na yakionyesha uvamizi, watu hujihadhari. Kusoma na kuchukua hatua ni tendo moja. Dereva anayeiona taa akaifunika kwa kitambaa amevunja adabu hiyo ya zamani, achilia mbali sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zitunzwe zisihatarishe watu; haijali mwenye gari aliamini nini moyoni.

Wajibu wenyewe si mkubwa. Gari lisimame mahali salama, lisimwagiwe maji, maana dramu yenye moto mkali ikipozwa ghafla inaweza kupasuka. Kabla halijapoa kabisa, magurudumu yalinganishwe. Moja likiwa na joto kuliko mengine, huenda breki yake inashika. Yote yakiwa na moto sawa baada ya mteremko, mwenye kubadilika ni dereva na gia zake. Kodi isomwe, gurudumu lifunguliwe, ndipo ifutwe.

Kwa hiyo hukumu ya Clifford inasimama kwenye barabara ya Lodwar pia: mwenye lori aliyeifuta kodi bila kukagua alikosa pale pale gereji, hata lori likifika Kakuma na mzigo wote. Na abiria anayelipa nauli Kitale asione haya kumuuliza dereva mbele ya watu: taa hiyo ilipowaka mara ya mwisho, ni nani aliyefungua gurudumu akaangalia?