Haja ya Mvaa Kinyago

Miongoni mwa vinyago vya Wamakonde wa Tanzania, kimoja huzua swali zito kuliko vingine: kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, kilichochongwa katika mti mwepesi, chenye matiti, tumbo lililojaa na nembo za chale. Hufungwa kifuani mwa mwanamume. Naye, uso umefunikwa kwa kinyago cha kike, huingia uwanjani kucheza vijana watokapo jandoni.

Wahenga walinena: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ikiwa ndivyo, mwanamume huyu ana haki gani ya kuuigiza? Wako watakaojibu kwamba anachekesha tu. Ni kweli, ngoma ina ruhusa ya kuchekesha. Lakini je, watu wanacheka pamoja na mwanamke yule, au wanamcheka?

Kinachotenganisha hayo mawili, kwa maoni yangu, ni haja. Ajuaye tumbo peke yake atatikisa tumbo. Ajuaye mwenye tumbo anataka nini atacheza vingine. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wenye uhaba mkubwa wa maji. Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950, wanawake waliteremka bondeni kuyatafuta, kisha wakapanda nayo kichwani. Mjamzito wa kinyago akichezwa kama mtu anayetaka kuyafikisha maji nyumbani, ambako wapo wanaoyangoja, basi mkono uendao kiunoni na hatua inayosita zina sababu. Uchungu hauazimwi, haja ya mtu hujulikana kwa anayejali kuiuliza.

Kanuni hii yamhusu pia kijana wa leo abuniye mhusika wa mchezo wa kompyuta. Humpa upanga, nguvu na kisasi, akadhani amempa nia. La hasha! Amempa vifaa. Nia huanza pale mhusika anapokuwa na mtu wa kumrudia, na kitu ambacho akikikosa, si yeye peke yake atakayeumia.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, alifika Newala, akakusanya vinyago na kuvipeleka Leipzig. Huko vinaweza kuhifadhiwa vema kwa karne nyingi. Lakini haja haikuchongwa katika mti. Huletwa na mchezaji, naye asipoileta, amemvaa mwanamke pasipo kumheshimu.