Babu yangu na Agosti 1, 1885

Sheria ya 1981 ya Zaire, Kongo ya leo, ilimtaka raia wa asili awe mzao wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi Agosti 1, 1885. Mimi ni Mlugbara wa Ariwara: siku hiyo babu zangu walikuwa nchi gani? Mpaka wa leo wa hapa kwetu haukuwepo. Arua, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa katika eneo la Lado la Mfalme Leopold hadi alipofariki 1909, na Uganda ikapewa sehemu ile 1914. Mpaka ulihama, sisi tulikuwa tunalima. Katiba ya 1964 ilikuwa imetaja Oktoba 18, 1908, na sheria ya 2004 ikaja na siku ya uhuru, Juni 30, 1960. Babu ni yuleyule.

Katekumeni wangu huuliza Mungu anahesabu kuanzia mwaka gani. Nawapeleka Kumbukumbu la Torati 23, Mmoabi anapozuiwa kusanyikoni hadi kizazi cha kumi, kisha kwa Ruthu, Mmoabi, ambaye kitukuu wake ni Daudi. Maandiko yana sheria, na yana mama mkwe aliyefuatwa na Ruthu hadi Bethlehemu. Mimi namwamini mama mkwe. Amin wa Uganda alipoanguka 1979, watu wa Arua walikimbilia huku, na wazee wetu waliwauliza ukoo tu.

Shemeji yangu, mzaliwa wa Arua, anauza maharagwe sokoni kwa shilingi za Uganda. Siku moja nilimweleza kwamba ibara ya 10 ya Katiba yetu ya 2006 hairuhusu uraia wa pili.

"Shemeji, unanunua au hununui?"