Picha ni deni

Kamera yangu ya filamu ina lenzi moja ya milimita 50, na haivuti. Ukitaka uso wa mtu ujae kwenye picha, sharti miguu ikupeleke hadi alipo. Hapo ufuoni Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, hiyo ni kupita kando ya nyavu zilizotandazwa omena, kusalimia, kujieleza, na kungoja ukaribishwe. Wenye simu hupiga wakiwa mbali, wakaenda zao. Sisi wa filamu hatuna njia hiyo, nami sioni kwamba tumepunjwa.

Ufundi wenyewe si mgumu. Jua likiwaka, weka tundu la lenzi kwenye 16, kasi ikaribiane na namba ya filamu: filamu ya 200, kasi 250. Asubuhi ziwani hesabu hiyo haikosei sana. Saa sita nyuso humezwa na vivuli vya kofia. Afadhali uketi ule ngege.

Hata Mohamed Amin, mpiga picha za habari maarufu wa Kenya, alianzia chini. Akiwa mtoto Tanganyika alijifunza kwa Box Brownie, kisanduku cha Kodak kisicho na mengi ya kurekebisha. Waziri Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Amin alifika upesi na kamera. Picha zile hazikupigwa kwa mbali.

Lakini somo kubwa nililipata kwa mama mmoja aliyekuwa akianika omena. Nilipompiga picha, alinyoosha mkono aione. Nyuma ya kamera hamna kioo.

"Sasa nitajuaje nimetoka vipi?"

"Nitakuletea, mama."

"Wote husema hivyo."

Akarudi kugeuza omena zake. Filamu yangu ni ya picha 36; mpaka iishe, itumwe Nairobi kusafishwa, irudi, mimi ni mdeni wake. Wapiga picha wa mtaani wa zamani walilijua hili vizuri: hawakumaliziwa pesa mpaka picha ifike mkononi.

Nilimpelekea. Akaicheka, akadai nimemnenepesha, akaifunga ndani ya leso yake.

Wewe uliyejaza simu nyuso za watu wa Dunga na Kibuye, chapisha hata moja umpelekee mwenyewe. Soko la Kibuye hufurika Jumapili, utampata palepale.