Mbuni Hachumi Chai

Somo: Ayubu 38:39 hadi 39:30

Leo naomba tukae na Ayubu pale majivuni kwa dakika chache.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, kwa hivyo nikifungua Ayubu 1:3 macho yangu yanaenda moja kwa moja kwa hesabu. Kondoo 7,000. Ngamia 3,000. Jozi 500 za ng'ombe. Punda 500. Hiyo ni kampuni. Ng'ombe wa kulima, ngamia wa kubeba mizigo, kondoo wa manyoya na nyama. Kila mnyama ana kazi yake. Siku moja wote wanaenda, na watoto kumi wanazikwa. Kisha marafiki wanakuja, wanakaa kimya siku saba, halafu wanaanza kumkagua kama wakaguzi wa mahesabu: ndugu, lazima kuna mahali uliharibu.

Mungu anapojibu, hamwambii Ayubu ni kwa nini. Kuanzia 38:39 anamwonyesha wanyama, mmoja baada ya mwingine: simba, kunguru, mbuzi wa milimani, punda mwitu, nyati, mbuni, farasi wa vita, mwewe na tai. Mtu amefilisika, amefiwa, na Mungu anampeleka kuona wanyama! Kwa nini?

Mwezi wa nane tulipeleka watoto wa Shule ya Jumapili Kisumu, kwenye hifadhi ya Impala iliyo kando ya ziwa, inayosimamiwa na KWS. Sisi wa rika langu wengi tuliona simba mara ya kwanza kwenye banda la KWS katika maonyesho ya kilimo, tukisukumana ili tufike mbele. Watoto wetu hawa, ingawa Maasai Mara si mbali na Bomet, wengi walikuwa wamemwona kwa televisheni tu. Afisa akawapitisha kwenye vizimba akiwafundisha. Kwamba fisi husaga mifupa kwa meno, ndiyo maana kinyesi chake ni cheupe. Kwamba fisi si mla mizoga tu, anajua kuwinda vizuri sana. Kwamba simba anaweza kupumzika hata saa 20 kwa siku.

"Sasa huyu kazi yake ni gani?" akauliza kijana mmoja wa gredi ya tano.

Afisa akacheka. "Kazi yake ni kuwa simba."

Watoto wakaangua kicheko. Yule kijana hakucheka. Akanigeukia. "Pasta, baba yangu alikuwa anapima kilo nyingi kuliko watu wote wa laini yetu. Yeye halali mchana. Mbona huyu analishwa, na baba alifutwa?"

Wapendwa, swali la mtoto huyo ndilo swali la Ayubu.

Sisi tunaoishi katikati ya majani chai tunajua mizani. Jioni hatuulizani umeshindaje. Tunaulizana umepima ngapi. Halafu mashine za kuchuma zikaja. Tunakumbuka Mei 2023, mashine zilipochomwa hapa Kericho na watu wakaumia. Lakini kuna jeraha lingine ambalo haliendi hospitali. Mtu aliyepimwa kilo miaka 20, siku mizani ikiondolewa, anadhani uzito wake umeondoka nayo. Anaacha kuja kanisani. Anakaa nyuma ya nyumba. Mke akimuuliza kitu, anajibu kwa ukali au hajibu kabisa.

Sasa rudi kwa wale wanyama, uone Mungu amechagua nani. Punda mwitu, 39:5 hadi 8: hana bwana, hasikii kelele za msimamizi, na Mungu ndiye aliyempa nyika iwe nyumba yake. Nyati, 39:9 hadi 12: huwezi kumfunga jembe akulimie. Mbuni, 39:13 hadi 18: anaacha mayai yake chini, na Mungu mwenyewe anasema hakumpa akili. Ndege mkubwa kuliko wote duniani, na haruki! Mimi wa biashara ningemwondoa mbuni kwa orodha siku ya kwanza. Lakini akianza kukimbia, Mungu anasema, anamcheka farasi na mpanda farasi wake.

Je, umeona? Ayubu alipoteza wanyama wenye faida. Mungu akamwonyesha wanyama ambao, ukiacha farasi, hakuna hata mmoja angeingia kwenye daftari lake. Hawalimi, hawabebi, hawauzwi. Na Mungu anawajua mmoja mmoja, anawalisha, anajua hata siku za mbuzi wa mlimani kuzaa. Anawasifu kama baba anayesifu watoto wake.

Hapa kwetu tuna mbega kwenye miti. Mwangalie vizuri mkono wake: hana dole gumba la maana. Mpe kikapu achume majani mawili na chipukizi, utamfuta kabla ya saa nne asubuhi! Lakini mwangalie akiruka kutoka mti hadi mti na manyoya yake meupe yakipepea. Muumba hakumpunja. Alimuumba mbega, hakumuumba mchumaji.

Ndugu uliyepoteza kazi, wewe uliumbwa mtu kabla hujawa mchumaji. Mwanzo 1:27 inakuja kabla ya mizani yoyote. Kampuni inaweza kukuondoa kwenye orodha ya mishahara. Haina kalamu ya kukufuta mbele za Mungu.

Mtu asiondoke hapa akisema pasta ametuambia tulale kama simba. 2 Wathesalonike 3:10 iko palepale, lakini isome vizuri: Paulo anamsema asiyetaka kufanya kazi. Hamsemi aliyenyimwa. Tusichukue andiko la mvivu tukampiga nalo aliyefutwa. Hivyo ndivyo marafiki wa Ayubu walivyofanya, na katika 42:7 Mungu aliwakasirikia.

Na watu wengi wanapenda 42:12, kondoo 14,000 na ngamia 6,000, wanaruka mstari wa 11. Kabla ya hizo baraka maradufu, ndugu na jamaa zake Ayubu walikuja nyumbani kwake, wakala naye, wakamfariji, na kila mmoja akampa fedha na pete ya dhahabu. Huo ni mtaji, wapendwa! Wachumi wenzangu, uoneni. Mungu alibariki, lakini mkono wa ndugu ulitangulia.

Kwa hivyo wewe unayengoja bonasi ya KTDA, wewe mwenye duka, wewe mwalimu: wiki hii ingia nyumba moja ya mtu aliyefutwa. Usiende kukagua. Kula naye. Muulize anajua kufanya nini zaidi ya kuchuma, na uache kitu mkononi mwake.

Na yule kijana nimemjibu hivi: simba analishwa kwa sababu ni wa Mungu, na baba yako pia ni wa Mungu. Sasa ni zamu ya kanisa kumwonyesha.

Baba, wakumbuke waliopimwa wakaonekana hawahitajiki. Wainue vichwa. Na mikono yetu iliyojaa, ifungue. Katika jina la Yesu. Amina.