Kitabu cha Wote ni cha Nani?

Kila siku magari ya wageni hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, hupita Karatu, yakaelekea lango la Ngorongoro. Wengi wa wageni hao wamekwisha kusoma habari za nchi hii kabla ya kuiona. Ukingoni mwa kreta huonyeshwa kaburi la Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na la baba yake Bernhard, aliyefariki 1987. Kitabu chao juu ya Serengeti, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka ule ule wa ajali, kimesomwa Ulaya nzima. Basi, wasomaji wapenzi, yafaa tujiulize: kijana wa Mang'ola, ambaye wazazi wake hulima vitunguu karibu na ziwa Eyasi, atakisoma wapi kitabu hicho, au kingine chochote kinachosimulia nchi yake?

Mtu atatujibu upesi: maktabani, kwani maktaba ni ya watu wote. Jibu ni jema, lakini ndilo linalotutia mashaka. Kitu chaweza kuitwa cha wote, ikiwa walio mbali hawawezi kukifikia?

Tuutazame mji wa Tanga, huko pwani. Waingereza walijenga pale maktaba, wakaipa jina la Mfalme George wa Sita, aliyefariki 1952. Lilikuwa jengo la heshima, nalo lingalipo. Zamani hizo, mahali pengi katika nchi hii, vitabu vilikuwa vya klabu, vya shule, au vya misheni. Mtu wa kawaida hakuwa na mlango wake. East African Literature Bureau, idara ya vitabu iliyoanzishwa 1948, ndiyo iliyojaribu njia nyingine: ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani, na kuwaazima watu vitabu kwa njia ya posta. Jambo hilo latupendeza kuliko majengo mengi. Kitabu kilimwendea msomaji.

Baada ya Uhuru ikatungwa sheria ya 1963 ya kuanzisha huduma ya maktaba ya taifa. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, na maktaba ya Tanga nayo ikawa ya huduma hiyo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee kwa vijana wakaketi na kalamu, na maktaba ndogo zikafunguliwa vijijini, maana mtu aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma atasahau. Kwa hesabu za serikali, waliojua kusoma walikuwa kama theluthi moja ya watu wazima mwaka 1967. Kufika 1986 walitajwa kuwa 90 katika kila 100. Kisha fedha zikapungua, vitabu vikachakaa pasipo vipya kuja, na maktaba nyingi za vijiji zikafungwa. Sensa ya 2002 iliwahesabu takriban saba katika kila kumi. Vipimo havikuwa vile vile, twajua. Lakini hatuthubutu kusema kwamba rafu tupu hazikuchangia.

Lugha yetu yatofautisha kukopa na kuazima. Akopaye fedha hurudisha mfano wake. Aazimaye jembe hurudisha jembe lile lile. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na kweli, mwenyewe akija utabaki uchi. Lakini kitabu ni kitu cha ajabu: ukikirudisha, ulichokisoma hakuna awezaye kukudai. Mwenye deni lako ni yule atakayekuja kesho, ambaye humjui. Mtu anayeacha kitabu cha umma kichakae sandukuni kwake hamwibii mkutubi; amemnyang'anya mtoto asiyemwona. Na serikali isiyonunua kipya ina kosa la namna hiyo hiyo, tena zaidi, kwa kuwa mtoto huyo yenyewe yamjua kwa hesabu.

Wako wanaosema simu imemaliza haja hii. Tusiidharau simu. Walakini aliye na simu bila fedha ya kununua data huufikia mlango na kuukuta umefungwa, sawa na babu yake mbele ya klabu.

Tangu 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Mabishano juu ya kuhama kwao ni makubwa, nayo yataka makala yake. Twataja hili tu: watoto hao sasa ni wa mkoa wa Tanga, mkoa wenye maktaba ile ya kale, na bado safari ya kuifikia ni ndefu.

Karatu yenyewe haina udhuru wa njia. Malori yanayochukua vitunguu Mang'ola hupanda na kushuka mwaka hata mwaka, na sanduku la vitabu halishindi gunia kwa uzito. Litakalotafutwa ni mtu wa kuushika ufunguo: mwalimu, katekista, au mama mwenye duka ambaye mlango wake huwa wazi hadi jioni, mwenye daftari la kuandika jina la aliyeazima na siku ya kurudisha.