Jalada la Kitabu cha Wafiwa



Kitabu huanza kusema kabla hakijafunguliwa. Kwa hiyo mtu atakaye kuchapisha kitabu cha kuwafariji waliofiwa hukutwa na swali lisilo la rangi na picha tu: Je, juu ya jalada tuweke huzuni, au tuweke tumaini?

Wengine husema, "Sisi ni watu wa Ufufuo. Weka maua na jua linalochomoza." Imani yao ni njema, lakini na wamfikirie mama aliyemzika mwanawe juzi. Kitabu cha namna hiyo aweza kukiona kama mtu aliyeingia msibani akicheka. Wengine husema, "Weka jeneza na kaburi, maana huo ndio ukweli." Ni ukweli, lakini si wote; na mama yule hahitaji kukumbushwa kaburi, kwa kuwa analiona kila afumbapo macho.

Tutazame mfano mmoja. C. S. Lewis, Mwanglikana wa Uingereza, alitoa mwaka 1940 kitabu juu ya maumivu na wema wa Mungu. Mwaka 1960 mkewe, Joy, alifariki kwa saratani. Lewis akaandika uchungu wake, pamoja na maswali makali aliyomwuliza Mungu, na mwaka 1961 maandiko hayo yakachapishwa. Lakini juu ya jalada hapakuwa na jina lake. Palikuwa na jina la kubuni, N. W. Clerk. Jina lake halisi liliwekwa baada ya yeye mwenyewe kufa mwaka 1963.

Hatumlaumu. Lakini yatupasa kujiuliza: ikiwa mwalimu wa imani kama huyu alilia chini ya jina jingine, je, Mkristo wa mtaa wetu aweza kulia kwa jina lake? Au twamwambia upesi, "Jikaze, ni mapenzi ya Mungu," hata ajifunze kuvaa jalada la furaha juu ya kurasa za machozi?

Bwana wetu kule Bethania alijua atakalotenda kaburini kwa Lazaro, na bado alilia kwanza. Naye alipofufuka alimwonyesha Tomaso majeraha yake, utukufu haukuyafuta. Hata Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Wajenzi hawakutafuta kiwanja kisicho na kumbukumbu ya machozi. Tumaini la Kikristo husimama pale pale penye huzuni.

Basi, kwa jalada la kitabu chetu ningechagua taa ya chemli karibu na mkeka, usiku wa matanga. Giza linabaki kuwa giza, wala hakuna alikanaye; lakini taa yaonyesha kwamba yuko aliyekuja kukesha pamoja na mfiwa. Wala tusitumie picha ya mtu halisi akilia bila ridhaa yake. Machozi ya mtu si pambo la kuuzia kitabu.

Tena tukumbuke kwamba wafiwa wengi hawatapata kitabu cho chote. Watatuona sisi tukiingia mlangoni, na kwa nyuso zetu watajua kama wana ruhusa ya kulia. Kwa hiyo, ndugu, tukienda msibani, na tuketi kwanza mkekani. Maneno ya tumaini yatapata nafasi yake.