Mgeni na Hukumu ya Haraka

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walakini moyo wa binadamu huwa mwepesi kumdhania mgeni mabaya. Je, ni dhambi kumshuku mtu asiyejulikana? Ili kujibu, yafaa kupambanua mambo mawili: hadhari na hukumu.

Hadhari ni tunda la busara. Mtu afungaye mlango wake usiku hamkosei jirani. Bali hukumu ya haraka ni kusadiki, pasipo ushahidi wa kutosha, kwamba fulani ni mwovu. Kosa hili ni dhidi ya amri ya nane, kwa maana lamnyang'anya mtu jina lake jema.

Mfano wapatikana katika nchi ya Beni na Butembo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka Mangina, karibu na Beni. Wakaja waganga na wauguzi wageni, wengine wamevaa mavazi yaliyowafunika mwili mzima. Waliwatenga wagonjwa, wakawazika wafu kwa namna isiyo ya desturi. Watu wengi wakanong'ona: "Hawa wameleta ugonjwa ili wapate fedha."

Shaka hiyo haikukosa sababu. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vilikuwa vikishambuliwa na wauaji, na mara nyingine hao walivaa sare za askari. Tena Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Wala si wageni wote waliokuwa wema: mwaka 2021 tume ya uchunguzi ilionyesha kwamba baadhi ya wafanyakazi waliokuja kupambana na Ebola waliwatendea wanawake maovu. Aliyejihadhari na hao hakukosa. Kosa lilianza pale wageni wote walipohesabiwa kuwa kitu kimoja. Methali ya samaki mmoja aozaye ni ya samaki. Wanadamu kila mmoja ana roho yake.

Miongoni mwa wageni hao alikuwamo mganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Alimwacha mke na watoto wanne, akaja Butembo kuwatumikia watu asio na udugu nao. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, alimokuwa akikutana na wenzake kwa ajili ya kazi, wakamwua.

Hata hivyo kazi haikukoma. Watu 2,287 walikufa kwa ugonjwa huo, lakini zaidi ya 1,100 walipona, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, hata tarehe 25 Juni 2020 ukatangazwa mwisho wake. Hata miongoni mwa waliopona, ambao majirani waliwakimbia kana kwamba nao ni wageni, walikuwamo waliojitolea kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa.

Huenda mtu akasema: "Mimi sikumwua mganga, nilisema tu kama wengine walivyosema." Ni kweli, uvumi haushiki bunduki. Lakini humwondolea mgeni watetezi wake. Tena ukweli hufika kwa mwendo wa taratibu, na mara nyingine humkuta aliyedhaniwa mabaya amekwisha zikwa.

Msamaria wa Injili naye alikuwa mgeni aliyedharauliwa, akajulikana kuwa jirani kwa tendo lake. Basi, kila asikiapo neno baya juu ya mgeni, mkatekumeni na ajiulize kwanza: Je, jambo hili nimeliona kwa macho yangu, au nimeliokota njiani? Ikiwa ameliokota njiani, na aliache huko huko, amtazame mgeni yule mikono yake inatenda nini.